Katuni za sayansi zisitupokonye bamvua

Hakuna mwalimu wa leo asiyejua kwamba mwanafunzi aliyesinzia darasani mchana huweza kukesha usiku akitazama katuni za sayansi kwenye simu. Jambo hilo halinitii hofu hata kidogo. Katuni njema humwonyesha mtoto kile ambacho jicho halifikii: damu ikipita mishipani, atomu zikishikana, dunia ikizunguka jua. Sisi tuliofunzwa kwa chaki na ubao lau tungalizipata enzi zetu, yamkini baadhi yetu hatungalikimbilia isimu.

Hata hivyo, likizo iliyopita nilikutana na jambo lililonifikirisha nilipokuwa nyumbani Malindi. Mpwa wangu, mwanafunzi wa shule ya upili, alinionyesha video ya katuni kuhusu kujaa na kupwa kwa bahari. Mwezi ulichorwa una macho na tabasamu, ukiyavuta maji kwa kamba; upande wa pili wa dunia maji nayo yakafura. Ilikuwa kazi ya ustadi, na kijana alikwisha kuihifadhi neno kwa neno kwa Kiingereza. Nikamwomba anieleze maana ya 'spring tide'. Akanijibu bila kusita, "Mjomba, hayo ni maji yanayojaa majira ya kuchipua, kule Ulaya."

Lahaula! Kijana huyu ni mjukuu wa mvuvi. Tangu utotoni amelisikia nyumbani mwao neno bamvua, yaani maji yanayojaa mno na kupwa mno mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, wakati jua, mwezi na dunia vimepangika katika mstari mmoja. Amesikia pia maji mafu, ya siku ambazo mwezi ni nusu na bahari haiendi mbali. Neno lile la Kiingereza halina uhusiano na majira. Asili yake ni kuchupa, kuinuka kwa ghafla. Elimu alikuwa nayo kinywani tayari, ila hakuna aliyemwambia kwamba ndiyo hiyohiyo.

Tukaenda kwa babu yake mzaa baba. Mzee akaitazama video mara mbili, akacheka. "Mwezi wenu mzuri, wajukuu zangu. Lakini usiku wa mwezi mpevu, mwezi huwa utosini saa sita. Kwa picha hii, maji yajae saa sita. Hapa petu bamvua hujaa mnamo saa kumi alfajiri, na saa nne usiku yamekwisha kupwa. Huo muda wa katikati umepotelea wapi?"

Swali hilo ndilo lililomshughulisha Laplace, yule mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 18. Katuni ilichora dunia iliyovikwa maji pande zote, yakiufuata mwezi kwa utiifu. Bahari halisi imezuiwa na mabara, na kina chake kina mpaka. Penye kina cha mita 4,000, wimbi refu kama hilo husafiri kilomita 700 hivi kwa saa, ilhali uso wa dunia kwenye ikweta huzunguka kwa zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa. Maji hayawezi kwenda sambamba na mwezi. Kila pwani ina saa yake, na mzee huyu aliijua ya kwake bila kuchorewa.

Wapo watakaosema kwamba mitihani ya sayansi na jiografia nchini Kenya huandikwa kwa Kiingereza, basi Kiswahili cha nini? Nawajibu kwamba mpwa wangu hakukosa Kiingereza. Alikosa kuelewa, na Kiingereza kikamsitiri. Alipokwisha kulieleza jambo kwa bamvua na maji mafu, aliliandika kwa Kiingereza kwa aya moja, bila ya majira ya Ulaya ndani yake.

Wala si kwamba katuni haziwezi kusema Kiswahili. Wenzetu wa Dar es Salaam walianza kurusha Ubongo Kids mwezi wa Januari 2014, wakifunza hisabati na sayansi kwa nyimbo na vituko vya wanyama, na watoto wa Kenya nao wameipokea. Ila kazi hiyo imewalenga wadogo. Mwanafunzi akishafika shule ya upili huachwa mikononi mwa sauti za ng'ambo. Nasi wanaisimu tuna lawama yetu. Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilitoka mwaka 1990, na tangu hapo tumebishana mno kuhusu istilahi katika makongamano, huku maneno ya wavuvi yakingoja ufuoni bila ya mwandishi.

Mwalimu wa Kilifi au Watamu aliye na simu moja na bando haba hahitaji kungoja studio. Aizime sauti ya video, awaache wanafunzi waisimulie wenyewe kwa lugha ya kwao, kisha aulize ni wapi picha imedanganya.

Siku ya kuondoka nilimkuta mpwa wangu ufuoni na fimbo alizozichomeka mchangani, akiandika saa kwenye daftari. Babu yake alikuwa ameketi kando, akimsahihisha.