Maji, Mawe na Baiskeli katika Misitu ya Wales

Aghalabu mtu aitazamaye baiskeli ya mlimani ikiteremka kwa kasi baina ya miti, akamwona mpandaji amesimama juu ya pedali, magoti na viwiko amevikunja, akipita juu ya mizizi na mawe pasipo kuanguka, huustaajabia ujasiri wa yule mtu na uimara wa chombo chake. Walakini mwenye maarifa ya jambo hili hutazama chini kwanza, kwenye njia yenyewe, kwa kuwa sehemu kubwa ya yale ayaonayo, mwendo, kona na hata ile salama ya mpandaji, yalikwisha kuamuliwa na fundi aliyeikata njia miaka mingi kabla. Kazi ya fundi huyo ndiyo ninayotaka kuieleza, na mahali pafaapo kuielezea ni Wales, nchi ya vilima, kondoo na mvua iliyo upande wa magharibi wa Uingereza, kwani humo ndimo njia za namna hii zilimojengwa kwanza katika kisiwa kile.

Chombo chenyewe asili yake si Wales. Katika miaka ya 1970 vijana wa Marin, kaskazini ya mji wa San Francisco huko Marekani, walikuwa wakichukua baiskeli kuukuu zenye matairi manene na kuteremka nazo barabara za vumbi za Mlima Tamalpais, mpaka mwaka 1977 Joe Breeze akaunda fremu mpya iliyokusudiwa kazi hiyo tangu mwanzo, na mwaka 1979 Gary Fisher na Charlie Kelly wakafungua biashara ya kuuza baiskeli hizo. Zilipovuka bahari na kufika Uingereza katika miaka ya 1980, zilikuta kikwazo cha sheria. Bunge, kwa sheria ya mwaka 1968, lilikuwa limewapa waendesha baiskeli haki ya kupita katika njia za farasi, kwa sharti la kuwapisha waendao kwa miguu na wapandao farasi, ilhali katika njia za miguu, ambazo ni nyingi mno kuliko hizo, hawakupewa haki hiyo. Nazo njia za farasi zilikuwa zimejikata zenyewe karne baada ya karne, nyingine zikiukwea mlima moja kwa moja, wala hakuna aliyezikusudia gurudumu. Palihitajika basi ardhi pana yenye mmiliki mmoja, aliye radhi kuona njia mpya zikikatwa ndani yake.

Ardhi hiyo ilikuwapo, na kuwapo kwake kuna kisa kirefu. Vita Kuu ya kwanza iliwafunza Waingereza kwamba nchi isiyo na miti haiwezi kujitegemea, kwani migodi ya makaa ya mawe ilihitaji magogo ya kutegemezea paa zake zisiporomoke, na meli zilizoleta mbao kutoka ng'ambo zilikuwa zikizamishwa na nyambizi za Wajerumani. Kwa hiyo mwaka 1919, misitu ikiwa imesalia karibu asilimia 5 tu ya ardhi yote, Serikali iliunda Forestry Commission na kuipa kazi ya kununua ardhi na kupanda miti. Vilima vya Wales vikapandwa, safu kwa safu, mti wa jamii ya msonobari uitwao Sitka, ambao kwao ni pwani ya kaskazini-magharibi ya Amerika, nao hukua upesi hata katika udongo dhaifu. Si kila Mwelisi aliyefurahi. Mashamba yaliyorithiwa baba kwa mwana yalifunikwa na miti ya Serikali, na mshairi Gwenallt, katika shairi lake liitwalo Rhydcymerau, aliililia ardhi ya jamaa zake iliyopatwa na mambo hayo. Namtaja kwa makusudi, kwa sababu wageni wengi wapitao leo chini ya miti ile hudhani kuwa msitu ni wa tangu na tangu, kumbe ni shamba la mbao lenye umri mdogo, na chini ya mizizi yake mna kuta za mawe za watu waliohama.

Mmojawapo wa misitu hiyo ni Coed y Brenin, karibu na mji wa Dolgellau katika milima ya Eryri, uliopewa jina hilo mwaka 1935 kwa heshima ya jubilei ya Mfalme George wa Tano. Hapo ndipo, katika miaka ya 1990, mtumishi wa Forestry Commission aitwaye Dafydd Davis alipoanza kukata njia zilizokusudiwa baiskeli hasa, wala si njia zilizoazimwa kwa farasi au kwa malori ya magogo, na msitu huo ukawa kituo cha kwanza cha namna hiyo katika Uingereza. Naye baadaye alitunukiwa nishani ya MBE. Uamuzi wake ulio mkubwa kuliko yote ulikuwa ni kujenga kwa mawe.

Ili kuufahamu uamuzi huo, sharti kwanza kuifahamu mvua. Vilele vya Eryri hupata zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka. Maji hayo yakiangukia ubavu wa mlima ulioshikwa na majani na mizizi hutawanyika, yakanywewa polepole na ardhi. Lakini yakikuta njia iliyonyooka kuelekea bondeni hujikusanya humo, na kila yanapoongeza mwendo, uwezo wao wa kuchukua mchanga huzidi kwa kadiri kubwa kuliko ule mwendo wenyewe ulivyozidi. Gurudumu nalo hutia mkono: breki ikikazwa ghafula, tairi huburura na kukwangua udongo, ikaacha mfuo mwembamba, mvua ifuatayo huukuta mfuo ule tayari, ikauchimba, mpandaji ajaye huukwepa kwa kupita pembeni, akayakanyaga majani yaliyokuwa yakiushika udongo, na baada ya misimu michache njia iliyokuwa na upana wa nusu mita imekuwa tope la mita tatu. Mharibifu mkuu, basi, ni maji, na gurudumu ni mfungua mlango wake.

Fundi aijuaye kazi yake hapigani na maji bali huyapisha. Njia yake haiteremki mlima moja kwa moja. Huuzunguka ubavu wake, ikishuka kidogo kidogo, na kaida ni kwamba mwinamo wa njia usizidi nusu ya mwinamo wa ubavu wa mlima ipitamo, kwani ukizidi hapo maji yataona wepesi wa kuifuata njia kuliko kuivuka. Kaida ya pili ni kwamba kwa wastani njia isiteremke zaidi ya asilimia 10, yaani mita 1 katika kila mita 10 za mwendo. Njia huchongwa yote ndani ya ardhi ya asili, na udongo uliochimbwa hautumiwi kujazia upande wa bondeni, maana udongo wa kujazia huzama na kuporomoka. Na uso wake huinamishwa kidogo kuelekea huko bondeni, kadiri ya asilimia 5, ili maji yaanguke pembeni kama yaangukavyo kutoka paa la makuti.

Lakini matairi, kwa kupita na kupita, huishindilia njia katikati na kuufuta ule mwinamo, na hapo fundi huwa amekwisha kuandaa hila nyingine, ambayo kwangu mimi ndiyo bora ya zote. Kila baada ya masafa mafupi, njia inayoteremka huinuliwa kidogo, kisha ikateremka tena, hata maji yafikapo chini ya kile kiinuko hayana budi kutoka nje ya njia. Mpandaji huona bembea ya kupendeza, mwili ukiwa mwepesi kwa nukta moja kisha ukawa mzito, naye hajui kwamba ile raha aliyoipata ni mfereji wa kutolea maji. Sijui kazi ya uhandisi ambayo faida na furaha zimeunganishwa ndani yake kwa uangalifu kuliko hii.

Na palipo na kinamasi, au mteremko usioepukika, ndipo mawe yanapoitwa. Hupangwa wima, jiwe ubavuni mwa jiwe, sehemu kubwa ya kila moja ikizikwa na ukingo wake tu ukionekana, kisha nafasi baina yake hushindiliwa changarawe. Ni kazi ya mkono, ya taratibu, yenye kuumiza mgongo, lakini njia iliyotengenezwa hivyo hupitika Januari kama ipitikavyo Julai, na katika nchi ya mvua hilo ni jambo kubwa, kwani nyumba za wageni na mikahawa ya vijijini haiwezi kuishi kwa miezi mitatu ya kiangazi.

Kona nazo zina elimu yake. Ukingo wa nje wa kona huinuliwa ukawa kama ukuta uliolala, hata baiskeli iingiapo kwa kasi uzito wote huelekea ndani ya ardhi badala ya kuvutwa pembeni. Tairi hushika, mpandaji hahitaji breki, na ardhi haikwanguliwi. Kadhalika, kabla ya njia kukutana na barabara ya malori, fundi huipandisha au huikunja ili mwendo upungue wenyewe pasipo bango wala amri. Mpandaji naye huonywa mapema kwa rangi, kijani kwa wanaoanza, kisha buluu, nyekundu, na nyeusi kwa mahiri. Na namshauri kila mgeni aanzie rangi moja chini ya ile anayojidhania.

Kutoka Coed y Brenin sanaa hii ilienea kote nchini. Katika bonde la Afan, karibu na Port Talbot, njia zikakatwa juu ya vijiji vilivyokuwa vikiishi kwa makaa ya mawe; Blaenau Ffestiniog, mji uliozungukwa na vifusi vya machimbo ya mawe ya kuezekea, ulipata njia zake mwaka 2012; na mwaka 2013 ikafunguliwa BikePark Wales huko Merthyr Tydfil, mji wa chuma wa zamani, ambako magari huwabeba watu na baiskeli zao mpaka kileleni. Mimi huzipendelea njia ambazo mtu hujipandia kwa miguu yake, kwani aliyeupanda mlima kwa jasho hupata wasaa wa kuuona. Hata hivyo siwezi kuikana riziki ambayo miji hiyo imeipata.

Riziki hiyo haina dhamana. Mwaka 2010 maradhi yaitwayo Phytophthora ramorum yaligunduliwa katika miti ya lachi ya bonde la Afan, nayo huenea kwa mvua na ukungu, na pia kwa tope linalonata kwenye viatu na matairi. Miti mingi mno ikakatwa, na huko Cwmcarn barabara mashuhuri ya msituni ilifungwa tangu 2014 hata 2021 kwa sababu hiyo. Kisha mwishoni mwa Machi 2025, shirika la Natural Resources Wales, lililokabidhiwa misitu hiyo mwaka 2013, lilifunga kwa uhaba wa fedha mkahawa na huduma za kituo cha wageni cha Coed y Brenin, ijapokuwa njia zenyewe zilibaki wazi. Nauhuzunikia uamuzi huo. Njia ya msituni, hata ikiwa ya mawe, huziba mifereji yake kwa majani kila mwaka, na pasipo watu wa kukaa karibu nayo na kuifanyia kazi, maji huirudia.

Kwa hiyo, msomaji, ukijaliwa kufika katika misitu ile, funga breki kabla ya kona wala si ndani yake. Ukikuta dimbwi pita katikati, usilizunguke. Osha matairi kabla ya kuondoka, usije ukachukua maradhi hadi msitu mwingine. Na wenyeji wakitangaza siku ya kuzibua mifereji, chukua sepetu uende nao.