Soma plaki ya frigo mbele ya kuwasha shalumo

Ndugu wafanyakazi, na nyinyi bamama wa nyumba, tunawaandikia toka Base ya Kamina juu ya gazi yenye iko mu frigo.

Mwenzetu mumoja aliachishwa kazi ya mine. Na feza ya mwisho alinunua frigo ya okazioni, bibi yake auzishe maji ya baridi. Ilipokufa, fundi alikata tiyo na kuwasha shalumo. Moto ukamrukia mikono. Frigo ikaisha, na kazi ya mama ikaisha.

Fundi yule si mujinga. Alijifunza na frigo za zamani, za R12 na R134a, zenye gazi haiwake upesi. Lakini R12 iliharibu ozoni, ngao yetu mbele ya jua. Mapatano ya Montreal ya 1987 yakaanza kuiondoa. R134a haigusi ozoni, lakini kilo 1 yake inapasha dunia moto kupita kilo 1000 za gazi karbonike. Ndiyo maana mu 2016, kule Kigali, mataifa yalipatana kupunguza gazi za namna hiyo.

Sasa viwanda vinarudilia gazi za asili: R600a mu frigo, R290 mu klimatizeri, amoniaki mu shambre fruade kubwa. Kule Ulaya, R290 inaingia hata mu mashini za kupasha nyumba moto. Ile mashini ni ndugu ya frigo. Gusa mugongo wa frigo yako: ule moto umetoka ndani. Yao inakamata moto wa inje, hata wakati wa baridi, inauingiza mu nyumba.

Gazi hizi haziharibu hewa sana, lakini R600a na R290 zinawaka. Ni nzito kuliko hewa, zinalala chini, na mu frigo hazina harufu kama gazi ya kupikia. Sisi wa mine tunajua: gazi yenye haisikike ndiyo inaua.

Basi, soma plaki ya nyuma. Ukiona R600a ao R290, shalumo hapana. Ita fundi mwenye alifunzwa gazi hiyo, atumike inje, mbali na mbabula na sigara. Na usitie gazi ya kupikia mu klimatizeri ya zamani. Haikutengenezwa kwa gazi ya kuwaka.

Kwa bakubwa wa kazi tunasema: mbele ya kuleta mashini mpya mu kambi, bafundi wapewe masomo na vyombo. Hewa safi tunaitaka, lakini mikono ya mfanyakazi isiwe bei yake.