Ufunguo Kwanza, Nasaha Baadaye

Wahenga walinena kwamba nyumbani ni nyumbani, ijapokuwa pangoni. Hawakukusudia kulisifu pango. Walijua kwamba binadamu huthamini kuliko vyote mahali anapoweza kuingia bila ya kuomba ruhusa, na kulala bila ya kuhojiwa. Mtu aliyekosa mahali hapo hakukosa paa tu. Amekosa na uhuru wake. Somo hilo linaonekana wazi katika historia ya Finland, nchi ya Ulaya ya Kaskazini yenye watu wapatao milioni tano na nusu.

Nchi hiyo ilipigana na Urusi ya Kisovieti mara mbili, kati ya mwaka 1939 na 1944, ikapoteza sehemu kubwa ya jimbo la Karelia. Watu zaidi ya 400,000 walilazimika kuhama makwao. Mwaka 1945 serikali ilitunga sheria ya kuwagawia ardhi wakimbizi hao, pamoja na wapiganaji na wajane wa vita, na wengi wakajenga upya maisha yao. Lakini wapo wanaume waliorudi kutoka vitani wasiweze kutulia. Miaka ishirini baadaye, baadhi yao walikuwa bado wakilala katika mabweni ya mafukara mjini Helsinki, au msituni kandokando ya mji, katika baridi inayoua.

Wakati huo kulikuwa na sheria ya uzururaji ya mwaka 1936, ambayo iliwapa wakubwa uwezo wa kumweka mzururaji chini ya uangalizi, na hata kumpeleka kazi ya lazima. Msaada nao ulikuwa na masharti. Mtu alitakiwa kwanza aache ulevi, akae bwenini kwa adabu, apande ngazi moja baada ya nyingine, ndipo mwishowe afikiriwe kupewa nyumba. Wengi waliteleza katika ngazi za mwanzo wakarudi njiani. Wengine walikataa tangu awali, na watu wakawaita wakaidi.

Je, ulikuwa ukaidi mtupu? Tufikiri vizuri. Bwenini mtu hulala kitanda kimoja kati ya vingi, hana pa kufungia hata viatu vyake, na saa ya kuingia na kutoka huamuliwa na mwingine. Msituni kuna baridi, lakini hakuna bawabu. Mtu asiyebakiwa na kitu ila hiari yake hawezi kuitoa kwa urahisi.

Mwaka 1967 wananchi waliunda Harakati ya Novemba ili kuwatetea watu hao. Mwaka 1985 ukaanzishwa mfuko maalumu, uitwao Y-Säätiö, wa kununua nyumba za kuwapangisha miongoni mwa majirani wa kawaida. Sheria ya uzururaji ilifutwa mwaka 1987. Kisha mwaka 2008 serikali iligeuza utaratibu wote juu chini: nyumba iwe mwanzo wa safari badala ya kuwa tuzo ya mwisho. Bweni kubwa la Jeshi la Wokovu mjini Helsinki lilibadilishwa likawa vyumba 81 vya kujitegemea. Mpangaji hutia sahihi mkataba kwa jina lake na hupewa ufunguo wake. Hulipa kodi, akisaidiwa na ruzuku ya serikali akiwa hana uwezo, na washauri huwa karibu naye. Haamrishwi kuacha pombe kwanza. Lakini hana ruhusa ya kuwasumbua majirani. Huo ndio uhuru wenye wajibu.

Mwaka 1987 watu wasio na makazi nchini humo walizidi 15,000. Mwaka 2023 walikuwa chini ya 4,000. Mwaka 2024 idadi iliongezeka tena kidogo, dalili kwamba kazi hii haina likizo.

Askari polisi wa Afrika Mashariki nao wanahusika, kwa kuwa sheria za uzururaji tulizorithi kutoka kwa wakoloni ziliwaagiza kumkamata mtu kwa sababu ya hali yake, si kwa kosa alilotenda. Mwezi wa Desemba 2020 Mahakama ya Afrika yenye makao yake Arusha ilitoa maoni kwamba sheria za namna hiyo zinapingana na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilibatilisha sehemu ya sheria kama hiyo.

Na katika familia zetu je? Askari anayestaafu ameishi miaka mingi kwa amri ya baragumu. Anaporudi kwao, ndugu humlaki kwa nasaha nyingi: usinywe, usitembee usiku, fedha yako mkabidhi fulani. Nia ni njema, lakini mtu mzima akitendewa kama mtoto huondoka, na akishaondoka ni vigumu kumrudisha. Afadhali apewe chumba chake, hata kiwe kidogo, na ufunguo wake. Apewe na sehemu yake ya kazi za nyumba. Nasaha zifuate baadaye, naye atazisikiliza akiwa amekaa kwake.