Popi Anauliza: Tutoke?

Sogeeni, wapwa zangu. Kaeni vizuri. Leo nawaletea mbwa.

Jina lake Popi. Ni mbwa wa kienyeji. Sikio moja limesimama, jingine limelala. Anaishi Kunduchi, Dar es Salaam, karibu kabisa na ufuko. Na kila kukicha Popi ana neno moja tu. Anakaa mlangoni, anatikisa mkia, anauliza: "Tutoke?"

Jua likichoma, "Tutoke?" Mvua ikinyesha, "Tutoke?" Upepo ukipinda minazi, "Tutoke?"

"Mjomba, kwani hachoki?"

Hachoki! Mbwa anahitaji kutembea kila siku. Miguu yake inataka kukimbia, pua yake inataka kazi. Akifungiwa ndani, atachimba bustani na kutafuna kandambili zenu. Kwa hiyo siku nyingi jibu ni ndiyo. Ila kuna swali la pili: tutoke saa ngapi? Hilo halijibiwi na Popi, wala na mimi. Hujibiwa na jua, mvua, upepo na mwezi.

Tuanze na kaskazi. Huo ni upepo wa kuanzia Desemba hadi Machi, wakati wa joto kali. Ikifika saa sita mchana, mchanga unaunguza. Maji ya bahari, hatua kumi tu mbele, yamepoa.

"Mjomba, jua si ni lilelile? Mbona mchanga unaunguza na bahari haiunguzi?"

Ahaa! Aliyeuliza hivyo nampa embe. Hebu twende jikoni. Mama ana majiko mawili yenye moto sawa. Kwenye moja ameweka kikaango kitupu, kwenye jingine sufuria iliyojaa maji. Kipi kitapata moto kwanza? Kikaango! Sufuria itachukua muda. Basi mchanga mkavu ni kile kikaango, na bahari ni ile sufuria. Na moto ukizimwa? Kikaango kinapoa upesi, sufuria inabaki na joto lake. Ndiyo maana usiku mchanga huwa baridi, na bahari bado ina uvuguvugu.

Sasa msikieni Popi mwenyewe: "Nyinyi mna ndala. Mimi natembea na nyayo zangu. Nyinyi mnatoka jasho mwili mzima. Mimi jasho langu ni la nyayoni tu, tena kidogo. Nikipata joto natoa ulimi, nahema haraka, unyevu unakauka mdomoni, napoa. Nikihema sana msinilazimishe. Nipelekeni kivulini."

Umesema kweli, Popi. Nanyi fanyeni hivi: wekeni mgongo wa mkono juu ya mchanga, mhesabu polepole hadi saba. Mkishindwa kuvumilia, hata Popi hataweza. Kaskazi tunatoka alfajiri, au jua likishatua.

"Na akipata kiu si atakunywa maji ya bahari? Yako mengi!"

Mengi, lakini hayafai. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi, kama vijiko viwili vikubwa. Chumvi hiyo ikifika tumboni huvuta maji kutoka mwilini. Popi ataharisha, atatapika, na kiu itazidi. Kwa hiyo tunabeba chupa ya maji ya bomba na kibakuli.

Inakuja masika, Machi hadi Mei. "Tutoke?" Mvua ya kawaida haina neno. Popi akilowa anajikung'uta, na sisi tunalowa mara ya pili! Ila radi ikianza kunguruma, hapana. Ufukoni hakuna kitu kirefu kuliko mtu na mnazi, na radi hupenda kupiga palipoinuka. Tunarudi ndani, wala hatujifichi chini ya mnazi.

Baada ya mvua kubwa, mifereji humwaga maji machafu ufukoni. Humo mna mkojo wa panya, na mkojo wa panya unaweza kuleta homa ya mgunda. Mwaka 2022 ugonjwa huo ulizuka Ruangwa, mkoani Lindi. Huwapata watu, na mbwa pia huwapata. Madimbwi hayo hatuyakanyagi, na Popi hayanywi.

Kisha kusi. Upepo unatoka kusini, mawimbi yanakuwa makubwa, mchanga unaruka hadi machoni. Sisi tunafumba macho. Popi anainua pua.

"Mjomba, ananusa nini wakati hakuna kitu?"

Hakuna kwako! Pua yako ina vipokezi vya harufu milioni 5 au 6. Ya Popi ina zaidi ya milioni 100. Tena pua yake ina unyevunyevu, na harufu hunasa kwenye ule unyevu.

"Nasikia harufu ya mwani," anasema Popi. "Kuna kaa kajificha shimoni. Na kuna samaki mmoja mnono, kavimba, ametupwa na wimbi. Nimle?"

Usimle, Popi! Huyo ni bunju. Ana sumu inayozuia misuli isifanye kazi, hata ile ya kupumulia. Akiwa amekufa, sumu bado imo. Pua inajua kuna samaki, lakini haijui kuna hatari. Ndiyo maana nashika kamba.

Na kamba ina kazi nyingine. Ufukoni hatuko peke yetu. Wavuvi wanashona nyavu. Mama anakaanga samaki. Mzee wa jirani anakwenda kuswali. Kwa Waislamu wengi wa pwani, nguo ikiguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Je, tumpe mzee kazi hiyo asubuhi yote? Hapana. Tunafupisha kamba, tunapita mbali, tunamwamkia, "Shikamoo, babu." Na kinyesi cha Popi tunaokota wenyewe.

Popi huchanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa kila mwaka. Lakini mkikutana na mbwa msiyemjua, msikimbie. Simameni wima, mikono chini, msimkazie macho. Akimng'ata mtu, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Hata kama jeraha ni dogo.

Sasa mwezi.

"Mwezi? Mwezi unajuaje habari za Popi?"

Haujui, lakini unavuta maji ya bahari, na jua nalo linavuta. Mwezi ukiwa mchanga au mpevu, huvuta pamoja na jua katika mstari mmoja. Hilo ni bamvua. Wakati huo, hapa Dar es Salaam maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Yakijaa, ufuko unakwisha. Yakipwa, mnatembea mbali hadi kwenye miamba. Mwezi ukiwa nusu, maji ni mafu, hayaendi mbali. Na kumbukeni: maji yakianza kurudi, nasi tunarudi. Yakituzunguka, kamba haitasaidia kitu.

Maji hupwa mara mbili kwa siku, lakini si saa ileile. Mwezi nao unasafiri, kwa hiyo kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi. Haya, nani hodari wa hesabu? Leo maji yamepwa kabisa saa moja asubuhi. Kesho je?

"Saa mbili kasoro dakika kumi!"

Hodari! Keshokutwa?

"Saa tatu kasoro dakika ishirini!"

Na mtondo?

"Saa tatu u nusu… Lakini mjomba, huu si wakati wa kaskazi? Saa hiyo kikaango si kimeshapata moto?"

Naam! Sasa wewe ndiye mwenye kupanga safari. Popi yuko mlangoni, anakuuliza: tutoke?

"Tutoke alfajiri, mjomba, mchanga ukiwa baridi. Na kama maji bado yamejaa, tupite njia ya juu, kwenye miembe. Chupa ya maji nitabeba mimi."