Mali Bila Daftari Hupotea Bila Habari

Hakuna askari asiyeijua hesabu ya asubuhi. Kabla ya kazi yoyote kuanza, kikosi hujipanga, majina husomwa, na kila mmoja huitika. Asiyeitika hutafutwa. Mkuu asiyejua ana watu wangapi, ni akina nani na wako wapi, hawezi kupanga lindo wala doria, seuze vita. Programu ya kompyuta ya kusimamia watumishi, ambayo idara nyingi za umma ulimwenguni zimekwisha kuipokea, kwa asili yake ni hesabu hiyo hiyo ya asubuhi, iliyoandikwa na kuhifadhiwa mahali pamoja.

Hata hivyo, tofauti moja ni kubwa. Hesabu ya asubuhi hudumu siku moja tu. Daftari la utumishi humfuata askari tangu siku ya kuandikishwa hadi siku ya kustaafu, na akifariki ndilo linaloamua kama mjane na yatima wake watapata haki yao. Kwa hiyo, namna daftari hilo linavyohamishwa kutoka katika karatasi na kuingia katika kompyuta ni jambo linalomhusu kila mwenye sare, wala makarani wasiachiwe peke yao.

Nyumba nyingi, daftari moja

Hapa Burundi jambo hili lina uzito wa pekee. Mkataba wa Arusha, uliotiwa sahihi tarehe 28 Agosti 2000, uliagiza vyombo vya ulinzi na usalama viundwe upya. Sheria za tarehe 31 Desemba 2004 zikaanzisha Jeshi la Ulinzi la Taifa na Polisi ya Taifa. Katika polisi hiyo wakakutana watu waliotoka nyumba mbalimbali: waliokuwa majandarme, askari wa usalama wa raia, wapelelezi wa ofisi za mashtaka, walinzi wa mipaka, na wapiganaji waliotoka msituni. Katiba ya mwaka 2005 nayo ikaweka sharti kwamba, kwa muda utakaoamuliwa na Seneti, watu wa kabila moja wasizidi nusu ya vyombo hivyo.

Fikirini, ndugu wasomaji, mzigo wa karani anayepokea watu wa namna hiyo. Mmoja ana jalada nene la miaka ishirini. Mwenzake ana karatasi moja iliyochakaa. Mmoja alipewa cheo kwa amri iliyoandikwa. Mwingine alikipata vitani. Fauka ya hayo, desturi yetu ya majina ni tofauti na ya Wazungu. Kwa kawaida mtoto wa Kirundi hupewa jina lake mwenyewe, na jina hilo halimwonyeshi baba yake wala ndugu zake. Programu iliyotengenezwa Ulaya kwa kutegemea jina la ukoo haitatambua kwamba watoto watatu wenye majina matatu ni wa askari mmoja, mpaka mtu awaandike chini ya matrikule yake.

Programu njema huweka pamoja jina, tarehe ya kuzaliwa, matrikule, siku ya kuingia kazini, vyeo, mafunzo, vituo, likizo, adhabu na jamaa wanaomtegemea mtumishi. Mshahara huhesabiwa kutokana na habari hizo. Tarehe moja ikikosewa, mtu hustaafishwa kabla ya wakati wake, au hupitwa na cheo alichostahili.

Mafunzo ya jirani na ya mbali

Jirani zetu wa Kongo waliyaona madhara ya kukosa daftari la kweli. Baada ya vita, fedha taslimu za mishahara zilipitia mikononi mwa makamanda, nao wakazigawa. Kamanda aliyetangaza watu wengi alipokea fedha nyingi. Kuanzia mwaka 2005 hadi 2015, ujumbe wa Umoja wa Ulaya ulioitwa EUSEC ulisaidia kuwahesabu askari hao, kuchukua alama zao za vidole na kuwapa vitambulisho. Shabaha kubwa ilikuwa kutenganisha mkono unaoamuru na mkono unaolipa.

Huko Iraki hatari ilikuwa kubwa zaidi. Mnamo Juni 2014 mji wa Mosul ulitekwa na wapiganaji waliokuwa wachache kuliko jeshi lililokuwa likitajwa katika vitabu. Mwishoni mwa Novemba mwaka huo Waziri Mkuu Haider al-Abadi aliliambia bunge kwamba askari hewa 50,000 wamegunduliwa. Askari hewa hupokea mshahara, lakini hashiki bunduki. Pengo lake katika mstari huzibwa na mwenzake aliye hai, naye huenda akalilipia kwa roho yake.

Je, kompyuta peke yake ni dawa? La hasha. Tanzania ilikuwa ikitumia programu ya utumishi kwa miaka kadhaa, na bado mwaka 2016, katika utawala wa Rais John Magufuli, watumishi hewa zaidi ya 10,000 waliondolewa katika orodha ya mishahara. Walipatikana kwa uhakiki wa watu, kituo kwa kituo. Mashine ilikuwa imeyatunza kwa uaminifu majina ya uongo iliyopewa.

Kanada nayo, nchi tajiri, ilianzisha programu ya mishahara iitwayo Phoenix mnamo Februari 2016. Wajuzi wa mishahara zaidi ya elfu moja walikuwa wamekwisha kuondolewa kabla programu haijathibitishwa. Zaidi ya nusu ya watumishi wa serikali walipatwa na makosa: wengine walipunjwa, wengine walizidishiwa, na wengine hawakupata kitu.

Yapasayo kufanywa

Mafunzo hayo yako wazi kwa idara yoyote ya umma mjini Bujumbura inayotaka kuhamisha majalada yake. Kwanza, watu wahesabiwe kwa macho, kila mmoja akiwa na kitambulisho chake, kabla jina lake halijaingizwa. Pili, daftari la zamani na programu mpya vitumike sambamba kwa miezi kadhaa, na mishahara ya pande zote mbili ilinganishwe. Tatu, karani mzoefu asiondolewe. Afundishwe, kwa maana yeye ndiye ajuaye makosa yamejificha wapi. Nne, anayeandika jina asiwe yeye anayeidhinisha malipo, na kila badiliko liache alama ya aliyelifanya. Tano, kwa kuwa umeme hukatika, nakala ya habari zote iwekwe katika jengo jingine.

Kuna na suala la siri. Orodha inayoonyesha kila askari, kituo chake, asili yake na makazi ya jamaa zake ni silaha. Ikiangukia mikononi mwa adui, huua. Basi ilindwe kama ghala la risasi linavyolindwa: wachache waingie, na kila anayeingia aandikwe.

Mwisho, askari mwenyewe ana wajibu. Aidai haki ya kusoma yaliyoandikwa juu yake, kwa lugha anayoifahamu, na kusahihisha palipokosewa. Apeleke cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wake mapema, asingoje ugonjwa au safari ya vitani. Akihamishwa kituo, ahakikishe uhamisho umeandikwa. Wako wajane waliozunguka ofisi kwa ofisi, wakiwa na bahasha mkononi, kwa sababu tu mume hakupata nafasi ya kuliandikisha jina la mkewe.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Miaka ambayo mtu ameitumikia nchi yake ni mali pia. Asubuhi jina lako likisomwa, wewe huitika mwenyewe. Siku usipokuwapo, litakaloitika kwa niaba yako ni daftari. Litazame leo ungali hai, uone kama lina jina lako, na kama lina ukweli.