Picha 12 kwa sekunde moja

Mwanao anashinda kwenye simu yako akitazama katuni, ukimnyang'anya analia? Mpe kwanza daftari la zamani. Achore mpira kwenye kona ya kila ukurasa, kila mara akiusogeza kidogo, kisha aziachie kurasa haraka kwa kidole gumba. Mpira unadunda!

Akinogewa, rudini kwenye simu. Iegemezeni kwenye vitabu isitikisike. Pigeni picha kizibo cha soda, kisogezeni kidogo, pigeni tena. Programu ya Stop Motion Studio huziunganisha. Kwa picha 12 kila sekunde, sekunde tano zinadai picha 60. Wangu aligoma kwenye ya 20. Nikamwacha. Kesho yake alirudi mwenyewe, akilalamika kizibo kinakimbia mno. Kweli, tulikuwa tunakisogeza mbali.