Shamba Ndani ya Gunia

SISI watu wa Pwani tukitaja shamba, mawazo hukimbilia minazi, miembe na kisima chenye ukingo wa mawe. Basi mpwa wangu aliponiletea habari kwamba ana shamba Kawangware, Nairobi, nilidhani mumewe amefunguliwa riziki. Nikafunga safari kwenda kumpongeza.

Nilishuka kituo kiitwacho 46. Jina hilo halina hadithi ndefu: ni nambari ya njia ya matatu ziendazo huko, nayo ikageuka jina la mahali. Mpwa wangu alikuwa akiningoja. "Shikamoo mjomba. Twende ukaone shamba." Tukapenya kichochoroni, kulia mabati, kushoto mabati, mfereji wa maji machafu kati yetu, hata tukatokea nyuma ya nyumba yao. Hapo palisimama magunia saba, yameota mboga juu na mbavuni.

"Ndilo hili," akasema, wala hakucheka.

Mimi ndiye niliyetaka kucheka, na namshukuru Mungu nilijizuia, maana kazi yenyewe ina akili. Hutwaliwa kopo kubwa lisilo kitako, likawekwa katikati ya gunia na kujazwa kokoto. Kandoni hutiwa udongo uliochanganywa na samadi. Kisha kopo huvutwa juu, likajazwa tena, hivyo hivyo mpaka gunia lijae. Ile nguzo ya mawe iliyobaki kati ndiyo inayoyapeleka maji mpaka chini. Halafu gunia hutobolewa ubavuni, na kila tundu hupewa mche wake wa sukumawiki. Gunia moja, lisilochukua nafasi zaidi ya kigoda, hubeba miche zaidi ya thelathini.

Hakuyajua hayo alipotoka kwetu. Alifunzwa na jirani, mama mmoja wa Kiluhya, naye akamfunza mwingine. Sasa wako kumi na mmoja, wanawake na vijana, wanapeana mbegu na samadi, na mmoja akiugua wengine humwagilizia. Niliona hata mnavu wetu hapo. Wenyewe wanauita managu, wala hawaungi kwa nazi, Mungu awasamehe.

Mambo haya hayakuanzia Kawangware. Mtindo wa magunia ulienea sana Kibera baada ya ghasia za uchaguzi za mwanzo wa 2008, chakula kilipoadimika. Mwaka huo huo vijana wa kikundi cha Youth Reform, ambao baadhi yao walikuwa wametoka katika njia ya uhalifu, walizoa taka za jaa moja kando ya reli wakapageuza shamba. Zamani mtu akipanda mahindi mjini aliweza kuamka akakuta askari wa jiji wameyafyeka. Tangu 2015 Nairobi ina sheria yake inayokiruhusu na kukiendeleza kilimo cha mjini.

Ijumaa nilikwenda kusali Makina, Kibera, kwa ndugu zetu Wanubi. Wasomaji wengi hawajui kwamba mji huo ulianzishwa na Waislamu, askari wa Kinubi wa jeshi la King's African Rifles. Wao hupaita Kibra, na maana yake kwa lugha yao ni msitu. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ilitenga hapo ekari 4,197 kwa ajili ya jeshi hilo. Hati ya ardhi waliyokabidhiwa Wanubi mwaka 2017, karibu miaka mia baadaye, ilikuwa ya ekari 288. Nilipotoka msikitini nilitazama huku na huku nikiutafuta huo msitu. Ulio karibu ni Msitu wa Ngong Road, nao umemegwa mara nyingi tangu ulipotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932. Mto Motoine hupita humo, kisha huambaa na Kibera mpaka Bwawa la Nairobi, lililochimbwa 1953, likaja kujaa tope, taka na magugu.

Na Mto Nairobi wenyewe, unaotoka katika kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, hupita upande wa Kawangware. Chuoni tulipoanza fiqhi, mlango wa kwanza ulikuwa wa maji, na maalimu akitupigia ubao: rangi, ladha, harufu! Nilipoinama juu ya mto ule sikuhitaji kuonja. Wala nisijitukuze, kwani hori ya Tudor kwetu Mombasa nayo inamiminiwa uchafu wa mji juu ya mizizi ya mikoko, nasi twapita darajani tumenyamaza.

Hapo ndipo penye kisa. Maji safi Kawangware hununuliwa kwa mtungi. Ya mto ni ya bure. Mwanamke mmoja wa kikundi, mjane mwenye watoto watano, aligunduliwa akimwagilizia maji ya mto usiku, na mboga zake huuzwa pamoja na za wenziwe. Mboga ikinywa risasi na sumu nyingine za viwanda na gereji, huziweka ndani ya jani. Kuosha hakuzitoi, wala kuchemsha. Wengine walitaka atolewe. Mpwa wangu alikataa. "Mjomba, tukimtoa, ataacha kunywesha maji ya mto? Atauza peke yake, na wanetu watanunua."

Wakachanga wakanunua pipa, ili wakinge maji ya mvua ya paa. Mwenye nyumba akasema mlizamu ukitundikwa kwenye bati lake, kodi itapanda. Nilimwendea mwenyewe, mtu mzima mwenzangu, nikamsemesha kwa adabu. Alinipa chai, akanisikiliza, akakataa.

Jioni ile mawingu yaliteremka kutoka upande wa Ngong. Matone ya kwanza yalipogonga bati, milango ilifunguliwa yote kwa pamoja, wakatoka na masufuria, madebe, beseni la kuogeshea mtoto. Yule mjane alikuwa wa kwanza kufika penye pipa, kanga imemshika mwilini, akimimina.

"Mjomba, usisimame!" mpwa wangu akapaza sauti. "Shika hilo karai!"